Nukta Kwenye Skrini ya Kompyuta: Jua Ugonjwa Kabla ya Kutafuta Dawa

Malalamiko huja kwa sura ile ile. Mtu ameketi usiku, taa amezima, anatazama filamu, mara anaona nukta. Anaipangusa kwa kidole. Haitoki. Anaikwangua kwa ukucha. Nukta iko pale pale, na kuanzia saa hiyo macho yake hayaoni kingine.

Ukucha huo ndio ulionisukuma kuandika mwongozo huu. Skrini kadhaa nilizowahi kuletewa kwa ajili ya nukta moja zilikuja tayari na mikwaruzo, alama za kidole gumba, hata doa la kijivu ambalo halikuwepo mwanzo. Nukta yenyewe ingeweza kuachwa au kubadilishiwa kwa waranti. Yale mengine hayakuwa na dawa tena. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, tumia dakika kumi kujua nukta yako ni ya aina gani na inaishi wapi.

Ukaguzi wa kwanza, kwa kila dalili

Zima monita. Washa tochi ya simu na uimulike skrini kutoka pembeni, karibu ilale juu ya kioo. Mate yaliyoruka wakati wa kupiga chafya, alama ya nzi, tone la chai lililokauka: vyote vitajitokeza kama vilima vidogo. Lowesha kidogo pembe ya kitambaa laini cha kusafishia miwani kwa maji safi, pangusa bila kukandamiza, kisha kausha. Maji huwekwa kwenye kitambaa, hayapuliziwi kwenye skrini, kwa sababu yakiteremka hadi ukingo wa chini yanaingia kwenye saketi zinazoendesha pikseli, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, na hapo utabadilisha nukta moja kwa mistari kumi. Amonia, asetoni na dawa za kusafishia vioo vya madirisha ziweke mbali kabisa.

Uchafu ukiwa haupo, washa monita na ujiulize kama nukta iko kwenye picha au kwenye skrini. Buruta dirisha lolote lipite juu yake. Ikihama pamoja na dirisha, ni sehemu ya picha, na skrini yako ni nzima. Ikibaki mahali pake, fungua menyu ya monita yenyewe, ile inayoletwa na vitufe vya ukingoni vya kurekebisha mwangaza. Menyu hiyo huchorwa na monita, kompyuta haihusiki. Kama kasoro inatokea hata juu ya menyu, tatizo ni la monita. Kama menyu ikipita inafunika kasoro vizuri, shuku kebo au kadi ya grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha.

Kuna na njia ya tatu ninayoipenda kwa sababu haibishaniwi: piga skrinishoti, uitume kwenye simu, uitazame huko. Kasoro ya kioo haiwezi kuonekana kwenye skrinishoti. Ikionekana, imezaliwa ndani ya kompyuta.

Jaribio la rangi, na namna ya kusoma majibu yake

Hapa nitakaa kidogo, maana asilimia kubwa ya kuchanganyikiwa huanzia hapa.

Kila pikseli ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yaani vipande 6,220,800. Ya 3840 kwa 2160 ina vipande karibu milioni 25. Kwenye skrini za LCD, taa iko nyuma na inawaka muda wote; kila kipande kina transista yake, swichi ndogo ya umeme, inayoamuru fuwele kioevu zifungue njia ya mwanga au ziizibe, na mbele yake kuna chujio la rangi. Unachokiona kama nukta kinaweza kuwa pikseli nzima iliyoharibika au kipande kimoja tu kati ya vitatu.

Tengeneza picha sita kwa programu yoyote ya kuchorea, zenye ukubwa sawa na skrini yako: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, buluu na kijivu. Zionyeshe moja moja zikijaza skrini yote, chumba kikiwa na giza. Pikseli ya monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina upana wa milimita 0.28 hivi, kwa hiyo sogea karibu, au tumia kamera ya simu ukivuta picha. Chukua rula, pima umbali wa nukta kutoka ukingo wa kushoto na wa juu, andika. Utashukuru baadaye.

Sasa soma. Tuseme kwenye nyeusi unaona nukta nyekundu. Ukiweka nyekundu inapotea, kwa sababu majirani zake wote nao ni wekundu. Ukiweka kijani inageuka ya manjano, ukiweka buluu inakuwa ya zambarau inayoelekea waridi, na ukiweka nyeupe inapotea tena. Hicho ni kipande chekundu kilichokwama kikiwa wazi. Kimoja tu. Watu hudhani wana nukta tatu za rangi tofauti kumbe ni ile ile ikichanganyika na mwanga wa jirani zake.

Chukua hali ya kinyume. Nyeusi haionyeshi kitu, kijani na buluu hazionyeshi kitu, lakini kwenye nyekundu kuna nukta nyeusi, na kwenye nyeupe kuna nukta ya samawati. Kipande chekundu hapo hakiwaki kabisa. Kikifa cha kijani, nyeupe itaonyesha nukta ya zambarau-waridi. Kikifa cha buluu, nyeupe itaonyesha ya manjano, na hiyo ya mwisho ni hafifu kiasi kwamba watu huishi nayo miaka bila kujua.

Picha ya kijivu ina kazi yake pia. Madoa mapana, mawingu na michirizi hafifu huonekana hapo kuliko kwenye rangi nyingine yoyote.

Dalili: nukta ya rangi kali isiyozimika

Kati ya kasoro za pikseli zenyewe, hii ndiyo yenye matumaini ya kweli.

Sababu ya kawaida ni kipande kilichokwama: transista inaendelea kupokea au kukosa umeme kwa namna moja tu, au fuwele za mahali pale zimelala upande mmoja na haziitikii amri. Sababu isiyo ya kawaida sana ni hitilafu ya kudumu ndani ya transista au kwenye njia yake ya umeme. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Utazitofautisha kwa kujaribu tiba tu.

Anza na tiba isiyogharimu kitu: zima monita, chomoa waya wa umeme, iache hadi kesho yake. Baadhi ya nukta hutulia zenyewe.

Ikibaki, tumia programu ya kumulika. Kazi yake ni kubadilisha rangi za eneo dogo mara nyingi kwa sekunde ili transista na fuwele zilazimike kufanya kazi. JScreenFix ni mojawapo, na hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa. Buruta kile kisanduku chenye chengachenga ukiweke juu ya nukta, zima hali ya kulala ya skrini, acha dakika kumi, kagua. Hakuna mabadiliko? Acha saa kadhaa.

Monita yangu mwenyewe ilipata nukta nyekundu, sentimita nne kutoka ukingo wa kulia, mahali ambapo saa ya kompyuta huonekana. Niliimulika dakika arobaini, ikapotea. Siku ya tatu ikarudi. Nikaimulika usiku kucha, asubuhi ikawa imekwenda, na haijaonekana tena. Nakueleza hivyo ili usikate tamaa ikirudi mara ya kwanza, na pia usijipe uhakika ikipotea mara ya kwanza.

Onyo: mwanga unaometameta kwa kasi unaweza kuamsha kifafa kwa watu wenye ugonjwa huo. Usikae ukiutazama, geuza skrini ielekee ukutani, na waambie wengine waliomo chumbani. Na usitumie njia hii kwenye skrini ya OLED, ile isiyo na taa ya nyuma. Sababu iko mbele.

Kisha kuna njia ya kubonyeza. Maelekezo yake yamezagaa: zima skrini, funika kidole kwa kitambaa laini, bonyeza penye nukta huku ukiwasha. Kuna walioponyesha nukta kwa njia hiyo, siwezi kukataa. Ila mimi niliwahi kuifanya kwenye monita ya zamani, nikitumia kifuniko cha kalamu kilichozungushiwa kitambaa. Nukta ya kijani ilizimika kweli. Mahali pake pakabaki wingu la kijivu la ukubwa wa kifungo cha shati, ambalo lilionekana kwenye kila ukurasa mweupe hadi siku monita ile ilipostaafu. Kioo cha LCD kina tabaka mbili nyembamba zilizotenganishwa kwa nafasi ya mikromita chache tu. Ukisukuma, unavuruga nafasi hiyo na tabaka za kusambaza mwanga zilizoko nyuma. Ushauri wangu ni kutobonyeza. Ukiamua kubonyeza hata hivyo, iwe waranti imeshakwisha, iwe ni LCD, na iwe nukta yenyewe inakuzuia kufanya kazi.

Simama hapa: umemulika usiku mbili tatu na hakuna hata dalili ya kubadilika. Hakuna fundi anayefungua kioo na kurekebisha transista moja. Kinachofanyika ni kubadilisha paneli nzima, yaani kioo chote kinachoonyesha picha, na hilo ni jambo la waranti au la hesabu zako.

Dalili: nukta nyeusi kwenye kila rangi

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni uchafu wa juu ya kioo. Kama uliruka ule ukaguzi wa tochi, rudi ukaufanye.

Ya pili ni pikseli iliyokufa: vipande vyote vitatu vimekatikiwa na umeme. Kuna jambo la kuvutia hapa. LCD zina aina kadhaa za paneli. Kwenye zile za IPS na VA, fuwele zisipopata umeme huziba mwanga, kwa hiyo transista iliyokufa huacha nukta nyeusi. Kwenye paneli za TN ni kinyume: zisipopata umeme huupitisha, na kasoro ile ile huonekana kama nukta nyeupe isiyozimika. Ndiyo maana watu wawili wenye tatizo moja hupeana maelezo yanayogongana.

Unaweza kumulika, haina hasara kwenye LCD, lakini nukta nyeusi ni nadra kufufuka. Mimi huipa usiku mmoja, basi.

Habari njema ni kwamba nukta nyeusi moja husumbua macho kidogo kuliko ya rangi, hasa kwa anayetazama mambo yenye giza. Ikiwa iko pembeni, sogeza upau wa programu uelekee upande huo na uendelee na maisha yako.

Dalili: doa jeusi lenye kingo zilizofifia, au linaloonekana kuhama ukigeuza kichwa

Pikseli ina kingo kali, ni mraba mdogo. Kitu chenye kingo laini, cha mviringo usio sawa, kilichofunika pikseli tano au kumi, kwa kawaida ni kitu kilichoingia kati ya tabaka. Funga jicho moja, kisogeze kichwa kushoto na kulia. Doa likionekana kuteleza kidogo juu ya maandishi, basi liko kwenye kina tofauti na pikseli. Ni vumbi, au ni mdudu.

Mdudu! Hii hushangaza wengi. Kuna vijidudu vyembamba, virefu kwa milimita moja hivi, vinavyovutwa na mwanga na kupenya kwenye matundu ya kupozea joto hadi mbele ya taa ya nyuma. Mtu anaona "pikseli" nyeusi ikitembea.

Akiwa bado anatembea, tafadhali usimbonyeze. Akifa hapo ndipo utakuwa na doa la kudumu. Zima monita, zima taa za chumba, weka taa moja ndogo karibu na ukingo wa monita, kisha subiri saa kadhaa. Mara nyingi hufuata mwanga na kutoka. Akiwa ameshakufa, jaribu kugonga mgongo wa monita taratibu kwa vidole, ikiwa imesimama wima na imezimwa. Wakati mwingine huanguka chini ya eneo linaloonekana. Vumbi nalo hujibu vivyo hivyo, ingawa kwa shida zaidi.

Usitumie kipulizia hewa kwenye matundu ukidhani utamtoa. Unaweza kusukuma vumbi zaidi kuingia.

Simama hapa: kinachobaki ni kufungua paneli na kutenganisha karatasi za kusambaza mwanga. Karatasi hizo hushika vumbi kwa umeme tuli, na nimeona mtu akitoa punje moja akaingiza ishirini. Kazi hiyo mpe fundi mwenye chumba safi, tena kwa monita ambayo kweli inastahili.

Dalili: mstari mwembamba, wa wima au wa mlalo

Mstari wa pikseli moja kutoka ukingo hadi ukingo si mkusanyiko wa pikseli zilizokufa kwa bahati mbaya. Pikseli hupokea amri kwa safu na kwa nguzo, kwa hiyo njia moja ya umeme ikikatika, nguzo nzima huzimika au huwaka rangi moja.

Anza na vya nje. Chomoa kebo pande zote mbili, kagua kama kuna pini iliyopinda, chomeka tena hadi mwisho. Jaribu kebo nyingine, kisha kompyuta nyingine. Ikisaidia, umemaliza. Isiposaidia, angalia menyu ya monita. Mstari ukiikata menyu, tatizo ni la ndani.

Kwa laptop kuna jaribio rahisi sana: fungua na ufunge kifuniko polepole huku ukitazama. Mistari ikija na kuondoka kwa kufuata pembe ya kifuniko, inayoshukiwa ni kebo inayopita kwenye bawaba, ambayo hukunjwa kila siku hadi inachoka au kulegea. Hiyo inatengenezeka, na ni ya bei nafuu kuliko kioo. Unganisha pia monita ya nje. Picha ikiwa safi huko, kadi ya grafiki haina hatia. Usikubali kuuziwa kioo kipya kabla kebo haijakaguliwa.

Kwenye monita ya mezani, sababu ya ndani iliyozoeleka ni kuachia kwa utepe mwembamba uliobandikwa kwenye ukingo wa kioo, ule unaobeba amri za nguzo. Ukibonyeza fremu kidogo na mstari ukapotea kisha ukarudi, ndio huo. Wapo wanaochomeka karatasi iliyokunjwa kwenye fremu ili ubaki umekandamizwa. Husaidia kwa muda. Kisha utepe huachia zaidi, na mstari mmoja unakuwa bendi. Kuubandika upya kunahitaji mashine ya joto na shinikizo la kipimo, kwa hiyo usijaribu na pasi au chuma cha kulehemu.

Dalili: chengachenga, nukta nyingi zinazometa na kuhamahama

Nukta zinazobadilisha mahali haziwezi kuwa pikseli mbovu. Pikseli haihami.

Mshukiwa wa kwanza ni kebo isiyomudu mzigo. Picha ya 3840 kwa 2160 ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde inahitaji karibu uwezo wote wa HDMI 2.0, toleo mojawapo la kiunganishi cha HDMI, ambao ni gigabiti 18 kwa sekunde. Kebo ndefu, ya zamani au iliyopindwa sana hupoteza data njiani, na data iliyopotea huonekana kama nyota zinazometa. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, shusha kiwango cha uchoraji kutoka 60 hadi 30. Nyota zikitoweka papo hapo, badilisha kebo na usitafute zaidi.

Mshukiwa wa pili ni kadi ya grafiki. Dalili yake huwa na sura nyingine: viraba vya rangi vilivyopangika, pembetatu zilizochomoza kwenye mchezo, maandishi yaliyoliwa. Hutokea kadi inapopata moto. Hapa skrinishoti inakuwa shahidi: vikionekana ndani yake, kadi au programu yake endeshi ndiyo yenye kosa. Safisha vumbi kwenye feni, rudisha kasi ya kadi kwenye kiwango cha kiwandani kama uliipandisha, sakinisha upya programu endeshi. Vikiendelea hata kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawaka, kabla mfumo haujafunguka, kumbukumbu ya kadi inaelekea kufa. Hifadhi kazi zako, peleka kwa fundi.

Chembe hafifu zinazotetemeka kwenye maeneo meusi tu ni jambo jingine. Paneli nyingi huigiza rangi zisizo nazo kwa kubadilisha vivuli viwili haraka, na ukikaribia sana unaweza kuona mtetemo huo. Ndivyo zilivyotengenezwa.

Dalili: wino mweusi, mawingu meupe, au kivuli cha picha ya zamani

Doa jeusi kama wino uliomwagika, mara nyingi likiwa na utando wa mistari, ni kioo kilichopasuka kwa ndani. Huwa linatambaa siku hadi siku. Hakuna cha kujaribu. Kama kioo kimepasuka na kuvuja, usiguse majimaji yake; yakikugusa, nawa kwa sabuni. Zima na ubadilishe paneli.

Wingu jeupe, lililo wazi zaidi kwenye picha ya kijivu, kwa kawaida ni alama ya mgandamizo: laptop iliyobebwa ndani ya mkoba uliojaa, chaja ikiwa imelalia kifuniko. Halitoki kwa programu.

Ila kama wingu liko kwenye tableti au kompyuta ambayo vyote vimo nyuma ya skrini, na unaona skrini imeanza kuinuka kwenye ukingo, fikiria betri kabla ya kioo. Betri ya lithiamu iliyovimba husukuma paneli kutoka nyuma. Simama mara moja: zima, chomoa chaja, usibonyeze skrini irudi mahali pake, usitoboe, usiilaze kitandani wala karibu na kitu kinachoshika moto. Hiyo ni kazi ya fundi siku hiyo hiyo.

Kivuli cha picha ya zamani kwenye LCD huisha chenyewe ukiizima kwa saa kadhaa au ukiacha picha nyeupe iwake. Kwenye OLED habari ni tofauti, maana kila kipande hujitolea mwanga chenyewe na huchakaa kwa kadiri kinavyowaka. Kipande kilichokufa kwenye OLED hakina fuwele za kuamshwa: kumulika kunakichakaza kilicho kizima, na kubonyeza kunaumiza tabaka zake. Tumia zoezi la kuburudisha pikseli lililomo kwenye menyu yake, uliache limalizike, na usichomoe umeme wa ukutani kila unapozima, kwa sababu skrini nyingi za OLED hufanya marekebisho hayo zikiwa zimelala.

Usifungue monita ya mezani mwenyewe

Ndani yake mna sehemu ya umeme mkubwa. Kapasita zake, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya, na chaji hiyo inaweza kukuumiza vibaya. Monita za LCD za zamani, ambazo taa yao ya nyuma ni mirija badala ya LED, zina kifaa kinachopandisha umeme hadi mamia ya volti na zaidi, na mirija yenyewe ina zebaki. Harufu ya kuungua, mlio wa kukatika au kuzimika na kuwaka kwenyewe vikitokea, chomoa kwenye soketi, acha. Usiwashe tena "uone kama itapona".

Kudai waranti

Monita mpya yenye nukta usiitibu kabla ya kusoma masharti ya kurudisha bidhaa. Siku za kurudisha bila maswali huwa chache, na ukizitumia zote kumulika umejinyima nafasi. Muda huo ndio njia rahisi kuliko zote, maana baada yake hesabu ya nukta huanza kukuumiza.

Hesabu hiyo ina historia. Kiwango cha ISO 13406-2 cha 2001, cha shirika la kimataifa la viwango, kiliweka madaraja ya paneli, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na mfululizo wa ISO 9241-300 wa 2008. Katika daraja la pili la kile cha 2001, kila pikseli milioni moja ziliruhusiwa kuwa na pikseli 2 zinazowaka daima, 2 zilizozimika daima, na vipande 5 vyenye kasoro. Kwa skrini ya pikseli milioni mbili, hiyo ni 4, 4 na 10. Yaani monita yenye nukta tatu nyeusi inaweza kuhesabiwa kuwa nzima kwa mujibu wa daraja hilo. Watengenezaji wengi wana sera zao, baadhi nzuri kuliko hapo, hasa kwa nukta zinazowaka. Tafuta sera ya modeli yako kwa jina lake, na uangalie inahesabu pikseli nzima au vipande.

Piga picha za nukta kwenye rangi zote sita, kila picha ionyeshe na ukingo wa monita ili mahali pajulikane. Ambatisha vile vipimo vya rula. Eleza umejaribu kebo nyingine na kompyuta nyingine, kwa sababu ni swali la kwanza utakaloulizwa. Sanduku na povu lake usitupe.

Ikiwa nukta ni chache kuliko zinazokubaliwa, andika idadi na tarehe, rudia jaribio la rangi kila mwezi. Nukta moja iliyokaa miaka haina neno. Zikianza kuongezeka, hasa zikikusanyika eneo moja au zikijipanga kwenye mstari, paneli inaendelea kuharibika: peleka dai wakati waranti ingali hai, ukiwa na zile tarehe mkononi.